Sura ya Tisa: Sentimita Sitini na Mbili

Wewe uliona. Usiniambie hukuona. Jumatatu asubuhi ulipita na baiskeli kando ya mfereji, ukaona vitalu vya mpunga vya familia arobaini vimefunikwa na maji, miche imelala chali matopeni, na ukakanyaga pedali. Jumatano ukasoma tangazo mlangoni pa ofisi ya skimu ya umwagiliaji: Wakiuru, mlinzi wa lango la nne, ameghushi karatasi ya maji, na shamba lake litagawiwa mtu mwingine Ijumaa saa nne. Ulisoma mpaka mwisho. Ukasema "ai, watu," ukaenda kununua sukari.

Mimi nina kumbukumbu ndefu. Nakumbuka mwaka wa mbegu zilizooza na nani alisimama mkutanoni, na nani alijifanya anatafuta simu mfukoni. Safari hii hata hawakuhitaji kukutisha. Walisema tu ni mambo ya kompyuta, na neno hilo likakutosha. Basi kaa hapo nikueleze mambo ya kompyuta. Mimi mwenyewe sikuyasomea popote, na niliyaelewa.

Skimu ya Ndurumoini si ile kubwa ya Mwea. Ni ndogo, ya wakulima wenyewe, na hunywa maji yanayobaki huko juu. Ina malango sita. Kila alfajiri ofisi huchapa karatasi sita, moja kwa kila lango, zikisema lifunguliwe sentimita ngapi. Jumatatu karatasi ya lango la nne ilisema sitini na mbili. Wakiuru akafungua sitini na mbili. Maji yakafanya kazi yake.

Faili ilimfikia Sajini Sagal Hersi Jumatano mchana. Aliletwa kutoka Nyeri kwa sababu mkuu wa kituo cha karibu ana shamba katika skimu hiyohiyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Nanyuki, na alikuwa na tabia ya kurudia swali lilelile kwa sauti ileile mpaka mtu achoke kudanganya. Alimkuta Wakiuru amekaa juu ya ukuta wa lango, miguu ndani ya gambuti.

"Mama, ulifungua kiasi gani?"

"Sitini na mbili. Vile karatasi ilisema."

"Siku nyingine husema ngapi?"

"Ishirini, ishirini na tano. Thelathini ikiwa kiangazi."

"Na hukushangaa?"

"Nilishangaa, afande. Nikapigia ofisi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini, angalia simu yangu. Peterson wa kompyuta akaniambia, mama, kompyuta haichoki kama wewe, fungua."

Sagal aliitazama simu, akaandika dakika. Mazungumzo yalikuwa ya sekunde hamsini na moja.

"Ofisi inasema karatasi hii uliitengeneza mwenyewe. Ati ulitaka kumwagilia shemeji yako maji."

"Shemeji yangu alipoteza kitalu pia. Nenda uone. Anaweza kukuonyesha, akiacha kunitusi."

Sagal alikwenda akaona. Kitalu cha shemeji kilikuwa dimbwi, na shemeji alikuwa na matusi ya kutosha. Akarudi langoni.

"Karatasi yenyewe?"

Wakiuru alifungua kisanduku cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo. Kila lango lina kisanduku kama hicho. Karatasi ya Jumatatu ilikuwa humo, na ukingo wake wa chini ulikuwa umekatwa.

"Nani ameikata?"

"Ofisi. Hukata zote. Sanduku hii ilitengenezwa wakati tulikuwa tunaandikiwa kwa mkono, karatasi ndogo. Printa ikakuja na karatasi refu, haiingii. Basi Wacera wa masjala anakata na rula kabla haijatoka."

"Tangu lini?"

"Tangu printa ikuje. Miaka mitatu."

"Kipande kinachokatwa kina maandishi?"

"Sijui. Hakijawahi kufika hapa."

Hatua thelathini kutoka hapo lilikuwa lango la tano. Mlinzi wake, mzee Munene, alikuwa amelala chini ya kofia yake. Sagal aliomba kuona karatasi yake ya Jumatatu. Ilisema sentimita tatu.

"Tatu?"

"Tatu," alisema Munene. "Watu wangu walilia ukame siku nzima. Lakini hakuna mtu huitwa mwizi kwa kunyima maji. Unaitwa mwizi ukizidisha."

"Kawaida ni ngapi?"

"Arobaini hivi."

Ofisi ilikuwa imempa Sagal hesabu iliyorudiwa, ile iliyotumika kumhukumu Wakiuru. Akaifungua juu ya paja. Lango la nne, ishirini na mbili. Lango la tano, arobaini na tatu. Akajumlisha, sitini na tano. Akajumlisha zile za Jumatatu, sitini na mbili na tatu. Sitini na tano.

"Mzee, kisanduku chako kina ufunguo mmoja?"

"Mmoja. Hulala shingoni mwangu."

Mtu anayeghushi ili apate maji mengi hubadilisha karatasi yake. Haendi kubadilisha ya jirani iliyofungiwa kwa kufuli, tena kwa kiasi kilekile hasa alichojiongezea. Sagal aliyaandika hayo kwa mistari miwili, akapiga mstari chini yake, akauliza njia ya kwenda Wamagana, anakokaa aliyeandika programu ya ofisi.

*

Alhamisi asubuhi alimkuta Mwalimu Kim nyuma ya nyumba yake akikatakata majani ya ng'ombe. Kim hufundisha hisabati sekondari, na ndiye aliyeandika Mgao, programu inayogawa maji ya Ndurumoini. Hakuiandika peke yake. Kuna mwanamke wa Ajentina, Mhindi mmoja wa Pune na wengine ambao hajawahi kuwaona. Mgao ni ya bure na iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuisoma mstari kwa mstari, kuibadilisha.

"Peterson alinipigia Jumatatu adhuhuri," alisema Kim. "Akanitumia vipimo vya siku hiyo, akaniomba nipige hesabu kwa kompyuta yangu. Nikampa ishirini na mbili. Sikujua anatafuta kamba ya kumfungia mtu."

"Programu moja, vipimo vilevile, majibu mawili. Inawezekanaje?"

"Haiwezekani."

"Imetokea."

Kim aliweka panga chini. "Afande, Mgao haifanyi hesabu. Inapanga tu milinganyo, halafu inaipeleka kwa fundi. Huyo fundi tunamwita maktaba ya hesabu. Hakuna mwandishi wa programu za sayansi mwenye akili anayejiandikia ya kwake. Unachagua moja."

"Zipo ngapi?"

"Nyingi. Nyingine za bure, nyingine za kampuni. Sisi tulibishana miezi minne. Yule wa Pune alitaka yenye kasi. Mimi nikauliza, je, itakubali kompyuta kuukuu? Mwenye nayo akifunga duka, nani ataitunza? Na ikikosea, naweza kuifungua nione imekosea wapi? Tukachukua LAPACK. Ni ya watu wa vyuo, ya zamani, iko wazi, imepigwapigwa na dunia nzima. Na tukaiagiza ishike tarakimu kumi na sita kila hatua."

"Tarakimu kumi na sita za kupima matope?"

"Ndiyo." Kim alichukua mabua mawili ya majani, akayaweka sambamba. "Lango la nne na la tano yananywa bwawa moja, na mifereji yake inakutana tena mita mia mbili chini. Kipimo chetu kiko pale inapokutana. Kwa hiyo milinganyo ya malango hayo mawili inafanana karibu kabisa. Ni kama pacha. Kujua jumla yao ni rahisi. Kujua nani alete kiasi gani, hapo ndipo unahitaji jicho kali. Ukishika tarakimu saba tu, ule mkia unaoutupa ndio uliokuwa unawatofautisha. Jumla itabaki sawa, lakini mgawo utaota ndoto."

"Sitini na tano," alisema Sagal.

"Nini?"

Alimwonyesha. Kim alisoma namba nne zile, akasoma tena, akakaa juu ya ndoo.

"Wamebadilisha maktaba," alisema.

"Ni vigumu kubadilisha?"

"Mstari mmoja. Niliifanya iwe rahisi kwa makusudi. Kitu kikiwa wazi, huwezi kumfungia mtu fundi mmoja. Lakini Mgao haikubali kimyakimya. Inachapa chini ya ukurasa: maktaba gani, tarakimu ngapi. Na kama majibu hayategemeki, inaandika onyo."

"Chini ya ukurasa."

"Chini kabisa."

"Hukata hapo kwa rula, mwalimu. Miaka mitatu. Kisanduku ni kifupi."

Ng'ombe alilia, Kim akamtupia majani bila kuangalia yanaangukia wapi.

"Ungeliweka onyo juu," alisema Sagal.

"Ningeliweka juu. Nilidhani mtu husoma mpaka mwisho."

"Wewe ni mwalimu, na bado ulidhani hivyo?"

Kim alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akauliza kama hayo yanatosha kumwokoa mama yule. Sagal alisema hapana. Kwamba inawezekana maktaba ilibadilishwa si sawa na kwamba ilibadilishwa. Peterson atasema mashine yake ni nzima, nani atambishia?

"Baba yangu anauza ng'ombe soko la Nanyuki," aliendelea. "Mchuuzi akimletea mzani, hapandishi fahali kwanza. Ana jiwe. Analijua uzito wake kuliko anavyojua umri wangu. Analipandisha jiwe. Mzani ukidanganya juu ya jiwe, hakuna haja ya kuugombania juu ya fahali. Nitengenezee jiwe."

Kim akasimama. "Kwa hiyo tuchague jibu kwanza."

"Halafu tutafute swali lake."

Walifanya kazi hiyo mezani jikoni, kati ya chupa ya chai na vitabu vya kusahihisha. Walisema: malango yote sita yamefunguliwa sentimita kumi. Kim akapiga hesabu ya maji ambayo yangepita hivyo, kwa mkono, kwa uangalifu, mara mbili. Kisha wakaiuliza Mgao swali la kurudi nyuma: kama maji ni haya, malango yamefunguliwa ngapi? Kompyuta ya Kim, kuukuu, kifuniko kimeshikiliwa kwa ukanda wa mpira, ilijibu kumi, kumi, kumi, kumi, kumi, kumi.

Sagal alilitia swali hilo kwenye flashi, akaifunga mfukoni kwa kifungo.

*

Peterson Mwai, afisa wa kompyuta wa skimu, alikuwa na shati jeupe na meza isiyo na kitu. Alimkaribisha Sagal kwa soda.

"Afande, hii kesi ni rahisi. Namba zenyewe zinaongea."

"Jumatatu alfajiri Wakiuru alikupigia simu?"

"Sikumbuki."

"Sekunde hamsini na moja."

"Watu wengi hunipigia."

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini?"

"Labda alipiga. Sikumbuki alisema nini."

"Programu ni ileile ya Mwalimu Kim?"

"Ileile. Hatujagusa."

"Basi nisaidie. Endesha swali hili."

Peterson alichomeka flashi. Kompyuta yake ilikuwa mpya, na jibu lilitoka kabla hajaondoa kidole. Printa ikasogeza karatasi. Sagal aliichukua kabla yake, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayeita majina darasani.

"Kumi. Kumi. Kumi. Thelathini na moja. Toa kumi na moja. Kumi."

Chumba cha pili, Wacera wa masjala aliacha kugonga mhuri.

"Lango la tano lifunguliwe sentimita kumi na moja chini ya sufuri," alisema Sagal. "Peterson, nionyeshe hilo linafanywaje. Tunachimba?"

"Swali lenu ni bovu."

"Jibu lake ni kumi mara sita. Tulilichagua sisi wenyewe kabla ya swali. Thelathini na moja ukitoa kumi na moja ni ngapi?"

Peterson aliichomoa flashi, akaiweka mezani.

"Ni ishirini. Kumi na kumi. Jumla imebaki, mgawo umeota ndoto. Kama Jumatatu." Alikunja karatasi ile bila kuikata. "Wacera, dada, vile vipande unavyokata hupeleka wapi?"

Wacera alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Situpi, afande. Karatasi ni karatasi. Tunaandika upande wa nyuma, tunaweka ndani ya mikebe ya sampuli za mchele, ndio tujue ni ya nani."

Mikebe ilikuwa rafu nzima. Waliifungua mmoja mmoja, Sagal na Wacera, wakikung'uta mchele kwenye sinia. Mkebe wa kumi na tisa ulikuwa na kipande cha Jumatatu. Upande mmoja, kwa kalamu: *Sampuli, kitengo cha pili, unyevu bado.* Upande wa pili, kwa chapa: tarehe ya Jumatatu, jina la maktaba ya kampuni fulani, neno *tarakimu* na namba saba, na mstari mmoja: *Onyo: majibu ya lango la 4 na la 5 hayategemeki.*

Mikebe mingine ilikuwa na onyo hilohilo. Siku kumi na nane mfululizo.

"Siku nyingine maji hayakuzidi sana," alisema Wacera kwa sauti ndogo. "Jumatatu tu ndio ilikuwa mbaya."

"Ndoto hazilingani," alisema Sagal. Alirudi mezani, akaweka kipande kile mbele ya Peterson, akaketi.

"Ilikuja na kompyuta mpya," alisema Peterson hatimaye. "Walisema ina kasi mara kumi. Mwenyekiti wa kamati alitaka karatasi zitoke mapema. Nikabadilisha mstari mmoja."

"Uliipima?"

"Mkataba wao haukubali. Ukiipima huruhusiwi kutangaza."

"Kupima na kutangaza ni vitu viwili. Uliipima?"

"Hapana."

"Nani alitia sahihi mkataba?"

"Mimi na mwenyekiti."

"Jumatatu adhuhuri Kim alikupa ishirini na mbili. Ulirudia hesabu kwa mashine yako?"

"Nilirudia."

"Ikakupa?"

Peterson alitazama dirishani. "Sitini na mbili."

"Kwa hiyo ulijua karatasi ya mama ilitoka kwenye printa hii."

"Nilijua."

"Halafu ukaandika kwamba ameghushi."

"Sikuandika. Nilichapa. Mwenyekiti ndiye alisema niandike."

Sagal alimwandikia maelezo hayo neno kwa neno, akamsomea, akamwonyesha pa kutia sahihi. Peterson akatia. Soda ilikuwa bado haijafunguliwa.

*

Unadhani mambo yaliishia hapo. Hata Wakiuru alidhani.

Mwenyekiti Wambugu alimpokea Sagal saa kumi jioni, amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Alisoma maelezo ya Peterson, alisoma kipande cha mkebe, akavirudisha.

"Kesi ya kughushi umeifunga, sajini. Asante. Lakini shamba si mambo ya polisi. Shamba ni mambo ya kamati, na kamati ilishaamua. Mlinzi aliharibu vitalu. Alifungua yeye, kwa mikono yake."

"Kwa karatasi yenu."

"Kwa mikono yake."

"Ushahidi huu utasomwa kesho?"

"Kanuni ya kumi na nne. Ushahidi dhidi ya ofisi unasomwa mkutanoni ukiletwa na wakulima ishirini wenye mashamba, kwa sahihi zao. Wewe huna shamba hapa. Wewe ni wa Nanyuki." Akatabasamu. "Si ubaya, dada."

"Na hiyo maktaba?"

"Inabaki. Tumeshaizoea."

Sagal alimwambia kwamba atarudi kwa ajili ya sahihi zake mbili, ile ya mkataba na ile ya tangazo. Wambugu akasema karibu, lakini baada ya Ijumaa. Ndiyo maana alikuwa na haraka. Mtu aliyeshanyang'anywa shamba si mwanachama, na asiye mwanachama halalamiki. Wanajua kanuni zao kuliko wewe unavyozijua zako.

Basi Wakiuru alichukua karatasi, akaandika juu yake maneno machache: sisi wenye mashamba tunataka kipande cha mkebe kisomwe, na hesabu irudi kwa maktaba tunayoweza kuifungua na kuipima. Akatia sahihi ya kwanza, akatembea. Munene alitia ya pili. Shemeji yake, bado akimtusi, akatia ya tatu. Wacera, ambaye marehemu mama yake alimwachia robo ya shamba, alitia akilia, kwa sababu kesho hatakuwa na kazi. Wengine walimwambia watafikiria. Mmoja alisema, mama, mimi niko na wewe moyoni, lakini nikitia sahihi watanikosesha zamu ya maji. Mwingine alisema haya mambo ya kompyuta yeye hayaelewi.

Wewe sasa unayaelewa. Nimekueleza kwa namba usizohitaji shule kuzijumlisha. Kile chombo kilichomponza Wakiuru bado kimewashwa, na kesho alfajiri kitachapa karatasi yako, yako wewe, na Wacera mwingine atakata chini.

Ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Mkutano ni saa nne. Karatasi iko juu ya ukuta wa lango la nne, imewekewa jiwe isipeperuke, na kalamu imefungwa kwa uzi. Sahihi ni kumi na saba. Shuka kwenye baiskeli. Andika jina lako.